Mlango wa Mkamwana

Nilipokuwa darasa la tano niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa kila jino nililokuwa nalo, kwamba mvulana akipita mlango wa nyuma wa darasa letu atageuka mkamwana wa Mzee Ambakisye. Si kwa mfano. Atageuka kweli. Ndevu hazitaota, sauti itabaki nyembamba kama ya kifaranga, na siku moja akiwa mtu mzima, ana mke na shamba la kakao, atamwona mzee huyo njiani na miguu yake yenyewe itamrusha kwenye migomba, ajifunike kichwa, anyamaze mpaka mzee apite. Rafiki yangu Ipyana, ambaye alikuwa na habari za kila kitu kabla hazijatokea, alisema anamjua mvulana wa Ndandalo aliyepita mlango wa namna hiyo kwa bahati mbaya.

"Sasa hivi anamenya ndizi kwa watu," akasema. "Na anamenya vizuri."

Hilo la kumenya vizuri ndilo lililotumaliza. Tangu siku hiyo hakuna mvulana aliyeukaribia mlango ule hata kuokota kalamu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya harufu. Mimi ni fundi wa milango na madirisha, na juzi nilikuwa nafunga milango ya darasa jipya katika shule ileile niliyosoma. Bawaba moja ikalia kama mbuzi anayechinjwa. Grisi ilikuwa imeniishia, nikamwomba mama mmoja wa jirani chochote chenye mafuta, akaniletea mawese kwenye kikombe. Nilipoyapaka tu, ile harufu nzito ya chikichi ikapanda puani, na papo hapo nikawa na miaka kumi na moja, nimevaa kaptula yenye madirisha mawili nyuma, naogopa mlango.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze kidogo. Kwa mila zetu za Kinyakyusa, mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Wakikutana njiani, mkamwana anaacha njia. Hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja, na jina la baba mkwe halimtoki mkamwana mdomoni hata akiwa anaota. Siku hizi kanisa na simu vimelegeza mambo, na nimeona kwa macho yangu mkamwana na mkwe wakipiga picha pamoja wanacheka. Lakini Mzee Ambakisye alikuwa wa zamani, wa zamani hasa, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Nyumba yake ilitazamana na darasa letu, ng'ambo ya barabara. Na mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Tumpe, alikuwa ameolewa na mwanawe wa pili.

Mwalimu Tumpe alikuwa mwembamba kama chaki, ila sauti yake, Mungu shahidi, ilikuwa inafika Matema na kurudi. Aliishika mila bila kunung'unika. Darasani mwetu alikuwepo mtoto mwingine aliyeitwa Ambakisye, mdogo, mwenye makamasi ya kudumu. Mwalimu hakuweza kulitamka jina lile. Akifika kwake wakati wa kuita majina alisema, "Wa Dirishani," na yule mtoto akaitika, "Yupo!" Leo ni mtu mzima ana pikipiki, na watu wa rika letu bado tunamwita Wa Dirishani.

Sasa sikilizeni mlango ulivyokuja. Darasa letu lilikuwa na watoto themanini na saba na mlango mmoja. Tulikaa watano kwenye dawati moja. Wa katikati akipiga chafya, wa pembeni wawili wanaanguka. Siku moja ukaitishwa mkutano wa wazazi, na mama akanichukua ili nimbebee mdogo wangu. Nilikaa nje chini ya dirisha, mtoto mgongoni, nikishangaa jambo ambalo sijaliona tena maishani: Mwalimu Tumpe alikuwa amesimama nje ya dirisha, kanga kichwani, mgongo wake umeelekea ndani, anahutubia mkutano huku anatazama goli la mpira. Kwa kuwa mwenyekiti alikuwa ndani, yeye hangeweza kuingia. Aliongea mengi, na mengi yalinipita, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ananinyonya sikio. Alipomaliza nikasikia sauti ya Mzee Ambakisye, nzito kama gunia la mpunga linaposhushwa:

"Mkamwana wangu ameomba mlango. Mlango utapatikana."

Na wala haikupita wiki. Asubuhi moja tuliwaona wanaume wawili wanavuka barabara kutoka nyumbani kwa mzee, wamebeba mlango vichwani, mlango wa mbao ngumu, mweusi kwa moshi wa jikoni. Fundi akatoboa ukuta wa nyuma wa darasa letu na kuufunga pale. Mimi nikawapelekea wenzangu habari yangu motomoto: mzee amempa mkamwana wake mlango. Ipyana akaipokea habari hiyo, akaipika, akaitia chumvi na pilipili, na kufikia saa nne ya mapumziko ilikuwa imekuwa uvumi kamili, una mikono na miguu.

Na uzuri wa uvumi ule ni kwamba kila kitu kiliutolea ushahidi. Kwa nini mlango uko nyuma? Kwa sababu nyumba ya mzee iko mbele. Akija kukagua shule, mkamwana atokee nyuma. Kwa nini unafunguka kwa nje, wakati milango yote tuliyoijua ilifunguka kwa ndani? Ili mtu anayemkimbia mkwe asipoteze muda kurudi kinyumenyume kuuvuta. Kwa nini hauna komeo wala kufuli? Nani anafungua kufuli huku mkwe yuko barazani! Na kwa nini kila Ijumaa Mwalimu Tumpe aliwapa wasichana kikombe cha mawese wapake bawaba? Hapo Ipyana alishusha sauti mpaka tukawa tunasoma midomo yake.

"Ili usilie. Mzee asisikie kwamba kuna mtu anatoka."

Kwamba Mwalimu Tumpe mwenyewe aliingia na kutoka kwa mlango wa mbele kila siku ya Mungu, hilo halikutusumbua. Uvumi mzuri haubishani na macho.

Halafu kulikuwa na zoezi. Kila Ijumaa, rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mti ilipigwa haraka haraka bila kupumzika, na sisi tulitakiwa tuache kila kitu, daftari, kalamu, hata kiporo cha ndizi, tutoke tukajipange kwenye goli la mpira tuhesabiwe. Mistari ya kushoto ipite mlango wa nyuma, ya kulia ipite wa mbele. Ndivyo Mwalimu alivyoagiza. Ndivyo alivyodhani inafanyika. Sisi wavulana tuliliita zoezi la kumkimbia mkwe, na tulilifanya kwa ustadi mkubwa: rimu ikilia tu, wavulana wote wa kushoto walipita chini ya madawati kama panya na kutokea upande wa mbele. Wasichana wakapita nyuma, taratibu, wanatucheka. Mwalimu alikuwa ameshatangulia golini. Alihesabu vichwa, vikatimia themanini na saba, akaandika, akatupongeza. Alihesabu vichwa. Hakuhesabu milango.

Atupele, msichana niliyekaa naye dawati moja, hakutuonea huruma.

"Gwe, moto ukiwaka utafanyaje?"

"Nitapita mbele."

"Na mbele kukiziba?"

"Nitasubiri pazibuke."

"Basi utaiva," akasema, akaendelea kuandika hesabu zake. Atupele alikuwa na tabia mbaya ya kuwa na akili.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, mchana, baada ya uji. Ninyi mliokulia huku kwetu mnaijua mvua yetu, hainyeshi, inamwagwa. Siku ile ulitangulia upepo. Ulitoka ziwani umebeba mchanga, majani ya migomba na, sisemi uongo, kuku mmoja aliyepita dirishani ameshangaa. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni. Mbingu ikawa nyeusi kama chungu cha Kikisi kilichotoka motoni, na mlango wa mbele ukajibamiza kwa kishindo kilichoangusha chaki. Kisha bati la kwanza likang'oka. Hilo bati baadaye lilisemekana limeonekana Malawi. Mimi sikulifuata, lakini silibishii.

Tulitazama juu tukaona mbingu mahali palipokuwa na paa. Halafu ukuta wa pembeni, ule mrefu uliobeba kenchi za paa, ukatoa mlio mdogo. Nimesikia milio mingi mikubwa maishani mwangu, ila ni huo mdogo unaonirudia. Ulikuwa kama mtu anayevunja mua kwenye goti. Ufa ukaanzia juu, ukateremka taratibu kama anayetafuta njia.

"Tokeni!" Mwalimu Tumpe akapiga kelele. "Kama Ijumaa! Tokeni!"

Na sisi tukatoka kama Ijumaa. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Wasichana wakapita nyuma, mlango ukawafungukia kwa nje bila hata kulia. Wavulana, arobaini na kitu, tukaukimbilia mlango wa mbele, tukaupamia kwa vifua. Lakini Ijumaa mlango wa mbele ulikuwa wazi. Siku ile upepo ulikuwa umeufunga. Na mlango ule ulifunguka kwa ndani. Ili ufunguke ilibidi turudi nyuma, na hakuna aliyeweza kurudi nyuma, kwa kuwa nyuma ya kila mmoja kulikuwa na mwingine anayesukuma. Mimi nilikuwa wa mbele kabisa. Niliona punje za rangi kwenye ubao wa mlango, karibu hivi, zikiwa kubwa kama sahani. Niliita mama, sauti haikutoka. Pumzi niliitoa nikashindwa kuivuta nyingine. Hapa sitii chumvi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilielewa kwamba mtu anaweza kufa mahali anapopajua, kati ya watu anaowapenda, huku Ipyana amemkalia mgongoni.

Nyuma ya darasa, mlango mwingine ulikuwa wazi, mweupe kwa mwanga wa radi, mtupu. Tuliuona. Hilo ndilo ambalo watoto wangu hawaliamini ninapowasimulia. Tuliuona, na bado tukasukuma mbele.

Mwalimu Tumpe alikuwa anatuvuta mmoja mmoja kwa mashati. Akimtoa mmoja, mwingine anajaza nafasi. "Kule! Kule nyuma!" Na sisi, "Hatuwezi Mwalimu, ule si wetu!" Alidhani tumepagawa.

Kusukumana kulikuwa kumenitupa pembeni ya rundo, shingo imegeukia nyuma, ndipo nikamwona Mzee Ambakisye. Sijui alizungukaje jengo zima kwa umri wake na kwa upepo ule. Alikuwa kwenye mlango wa nyuma, ameloa chapachapa. Akatazama ndani, akamwona mkamwana wake. Akasita. Naapa alisita, muda wa kumeza mate. Maana pale palikuwa na paa, nusu yake bado, na chini yake mkamwana wake, kichwa wazi, kanga imechukuliwa na upepo.

Mzee akageuka. Nikadhani anaondoka. Hapana. Akaingia kinyumenyume.

Naomba muione picha hiyo kama ninavyoiona. Mzee wa miaka mingi, mwenyekiti wa kamati, anaingia darasani akitanguliza mgongo, mikono ameinyoosha nyuma kama anayetafuta kiti gizani. Na Mwalimu Tumpe, alipomwona, akageukia ukutani kwa haraka, akajifunika uso kwa ramani ya Tanzania aliyoing'oa msumarini, na huku amejifunika akaendelea kumvuta mtoto kwa mkono mwingine. Ukuta unapasuka. Mvua inaingia. Na wazee wangu hawa wawili wanafanya kazi ya kutuokoa bila kutazamana na bila kusemeshana, wanapitishia maneno kwetu.

"Watoto!" akaguta Mwalimu kutoka nyuma ya ramani. "Mwambieni mzee wavulana wako mlangoni mbele, kulia kwake!"

"Mzee, tuko kulia kwako!" tukalia.

"Watoto! Mwambieni mwalimu nimesikia! Na mwambieni atoke!"

"Mwalimu, utoke!"

"Mwambieni mzee sitoki kabla yenu!"

"Mzee, hatoki!"

"Na nyie mnasubiri nini, nyie?" mzee akatufokea.

Mkono wake ukapapasa nyuma, ukakamata kitu cha kwanza ulichokikuta. Lilikuwa sikio langu. Alinivuta nikatoka kwenye lile rundo kama muhogo unavyotoka kwenye tope. Na mimi, ambaye dakika moja nyuma nilikuwa nakufa, nilipoona ananielekeza kwenye mlango ule, nilikaza miguu.

"Tata, huo ni mlango wa mkamwana! Sitaki kuwa mkamwana wako!"

Mzee alisimama. Ukuta ulikuwa unadondosha vipande vya tofali, na yeye alisimama akageuka kunitazama uso kwa uso.

"Nani atakuoa wewe," akasema, "na miguu hiyo? Toka!"

Akanirusha nje. Nilitua kwenye tope, nikajipapasa kidevu haraka, kisha mahali pengine, nikakuta kila kitu kipo. Nyuma yangu akaja Ipyana, akilia kwa sauti ya kawaida ya mvulana. Kisha Wa Dirishani. Kisha mwingine, na mwingine. Kumbe mzee mwenyewe alikuwa ameupita mlango ule na ndevu zake zote kidevuni; wavulana waliokuwa nyuma waliliona hilo, na uvumi uliodumu muhula mzima ukafa pale pale. Wakamiminika. Rundo lilipopungua, mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, kana kwamba haukuwa na neno na mtu.

Wa mwisho walibaki wao wawili. Tulikuwa golini tayari, tunaona kupitia ule mlango.

"Watoto," sauti ya mzee ikaja, shwari kabisa. "Mwambieni mkamwana wangu apite. Nimefumba macho."

Tukapiga kelele sote themanini na saba: "Mwalimu, amefumba macho!" Akatoka, ramani kichwani. Mzee akamfuata kinyumenyume. Hawakuwa wamefika kwenye mstari wa goli ukuta ulipolala. Ulilala ndani, juu ya madawati yetu, kwa upole mkubwa, kama ng'ombe anayepumzika. Mwalimu akaanza kuhesabu. Alihesabu mara tatu. Themanini na saba. Mmoja alikuwa amevunjika mkono, na huyo ni Ipyana, ambaye kufikia jioni alikuwa ameuvunja mara nne katika simulizi nne tofauti.

Wasichana waliimba. Mama alikuja mbio kutoka shambani, matope mpaka magotini, akanipiga kofi kwanza ndipo akanikumbatia. Kisha akaenda mbele ya Mzee Ambakisye, akapiga magoti kwenye maji, akasema, "Ndaga fijo, tata. Ndaga fijo." Asante sana, baba. Wazazi wengine wakafanya vivyo hivyo, mpaka mzee akakasirika, akasema anakwenda kubadili nguo.

Baada ya hapo kamati ilikaa, na safari hii Mwalimu Tumpe alihutubia kutoka dirishani kwa muda mrefu zaidi, mgongo ndani, macho golini, na hakuna aliyepiga miayo. Ukatoka utaratibu, ukabandikwa kila darasa. Mlango wa shule ufunguke kwa nje. Kila darasa liwe na miwili. Mtoto akiwa ndani, kufuli lisikaribie mlango. Ukuta na kenchi zikaguliwe kabla ya masika na si baada. Na siku ya zoezi, mwalimu asimame mlangoni aone nani anapita wapi, asisubiri golini kuhesabu vichwa. Hilo la mwisho lilikuwa letu sisi, japo halikutajwa jina. Ijumaa iliyofuata alituuliza kwa nini tuliukataa mlango. Hakuna aliyemwambia. Ungemwambiaje?

Nilikua. Shule niliiacha mapema, nikajifunza kuchomea vyuma, na kidato cha nne nilikuja kukimaliza ukubwani, masomo ya jioni, nikiwa na ndevu zangu kamili kama ushahidi. Katika kazi yangu nimefunga milango mingi, tuseme elfu kumi, na wateja wanaojenga shule nawasumbua: unafunguka wapi? Wa pili uko wapi? Mmoja aliniambia mimi ni fundi msumbufu kuliko mkaguzi. Nilifurahi mwezi mzima. Na kisa hiki nimekisimulia kwenye harusi nyingi, kila mara nikihitimisha kwa namna moja: kwamba mila zetu zina baraka hata zisipojua. Mzee alitaka tu mkamwana wake awe na pa kupita, asimwone. Akamjengea mlango wa heshima, na mlango wa heshima ukatuokoa bila kukusudia. Watu wanapiga makofi. Ni hitimisho zuri.

Juzi basi, nilipomaliza kupaka yale mawese, nilituma watu wakamlete Mwalimu Tumpe aje aone darasa jipya. Amestaafu, anaishi kwa binti yake upande wa Matema. Alikuja amepakiwa nyuma ya baiskeli, mwembamba vilevile, sauti ileile.

"Ugonile, Mwalimu!" nikamwamkia, nikashika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili.

Akakagua kila mlango. Akaufungua kwa kidole kimoja, ukaenda nje kimya. Akanusa kidole. Akatabasamu. Nikampa ndoo ya rangi iliyogeuzwa akakaa, na kwa kuwa vijana wangu wa kazi walikuwa wamekusanyika, nikakisimulia kisa chote mbele yake kwa mara ya kwanza, na uvumi wa Ipyana ndani yake, na kidevu nilichojipapasa. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Miaka yote hii! Kumbe ndiyo sababu!" Nikafika kwenye hitimisho langu, baraka za mila, mlango wa heshima, mzee aliyemjengea mkamwana wake pa kupita. Vijana wakapiga makofi.

Yeye hakupiga. Alikuwa ameacha kucheka, ila uso wake ulikuwa mpole.

"Si hivyo, mwanangu," akasema.

"Lakini Mwalimu, nilisikia kwa masikio yangu. Mkamwana wangu ameomba mlango."

"Niliomba, ndiyo. Niliwaombea ninyi. Niliwaambia watoto ni themanini na saba na mlango ni mmoja, na kwamba siku moja utaziba. Wa nini kwangu? Mimi nilikuwa napita mbele ya nyumba yake kila siku, najifunika kanga, yanaisha."

"Na mlango ulitoka kwake."

"Ulitoka kwake. Kamati ilisema hakuna mbao. Akaenda nyumbani akang'oa mlango wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe, ule ambao sisi wakamwana wake watatu tulikuwa tunautumia tukiingia jikoni ili tusikutane naye. Msimu mzima pale pakawa na mkeka umening'inia." Akautazama mlango wangu mpya. "Hakunipa mlango, mwanangu. Aliuchukua kwangu, akawapa ninyi."